Mlango wa Mama Mkwe

Sura ya Saba

Kama ungeniona Jumamosi ile asubuhi, ungedhani nimepandishwa cheo. Sare niliipiga pasi mara mbili. Viatu nilivisugua mpaka nikajiona ndani yake, nikajikonyeza. Kila aliyepita getini nilimsalimia kabla hajafungua mdomo, hata yule mzee wa magazeti ambaye tuna ugomvi tangu mwaka jana.

Chanzo kilikuwa simu. Siku ya Jumatano Dada wa Tiketi, mwanamke mwenye moyo mweupe lakini asiyejua kuficha hata umri wake, alinifuata chumba cha dawa cha makumbusho yetu, nilikokuwa nafuta vumbi kwenye chupa.

"Kuna mama mtu mzima amepiga," akasema. "Anazunguka nyumba za kale za mkoa huu na familia yake, sisi ndio wa pili. Wanakuja Jumamosi saa nne. Yeye, mwanawe, shangazi wa mwanawe na mtu mmoja. Halafu akaniuliza kama yule dada anayetembea kinyumenyume bado yupo. Nikamwambia yupo. Akasema basi, huyo huyo atutembeze."

"Ametaja jina?"

"La ukoo." Akalitaja, kisha akanitazama kwa jicho la pembeni. "Si ndilo la yule fundi wako?"

Kitambaa kilinidondoka.

Fundi alikuja kwetu kukarabati Nyumba ya Daktari akakaa nusu mwaka. Alibadilisha vizingiti vilivyoliwa na mchwa, akabandua lipu iliyooza, akapachika madirisha upya, na kwa kuwa alikuwa na mikono isiyoweza kukaa bure, akaukarabati na moyo wangu. Mimi nilikuwa mwanamke niliyewahi kuolewa na kurudi kwa mama yangu na sanduku moja. Sikuwa natafuta mtu. Alinicheka jinsi ninavyotembea, maana kwetu mtembeza wageni hawapi wageni mgongo, ukigeuka tu wanashika vitu. Unatembea kinyumenyume, unahesabu hatua kichwani huku mdomo unasimulia. Akanipa jina la Kinyume. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita hivyo.

Siku ya kuondoka alinishika mikono yote miwili nyuma ya ghala. "Mama hataki kusikia habari ya mwanamke aliyeachika," akaniambia. "Lakini ni kwa sababu hajakuona. Nikirudi, nitarudi naye."

Miezi minane ilipita. Mwanzoni aliandika kila siku, baadaye kila wiki, baadaye akawa anajibu tu, na mwishowe hakujibu. Wanasema akufukuzaye hakuambii toka. Methali ile nilikuwa naijua tangu utoto, lakini moyo ukipenda haujui methali.

Sasa simu imepigwa. Anarudi, tena na mama yake, na mama ameniulizia mimi. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Nilifanya kosa kubwa zaidi jioni ile. Nilimwambia mama yangu.

"Wako wanne?" Mama akaacha kukata vitunguu. "Sisi tuna viti viwili na stuli."

"Mama, wanakuja makumbusho. Hawaji nyumbani."

"Na wakitoka huko wanakwenda wapi? Mtu hasafiri na dada wa baba yake kuja kutazama makabati ya marehemu. Yule wa nne atakuwa mjomba. Hao wanakuja kukuona wewe, halafu wataomba wapaone ulipozaliwa."

"Usijipe matumaini, mama."

"Mimi? Mimi sijipi kitu," akasema, na Ijumaa nilimkuta ameazima viti vinne vya jirani, amevipanga sebuleni, anavitazama kama vile tayari kuna watu.

*

Walifika saa nne kasoro dakika tano. Mama yake Fundi alitangulia. Mwanamke mfupi, nadhifu, mwenye sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Nyuma yake shangazi, mnene, mchangamfu, analalamikia magoti. Halafu yeye.

Alikuwa amekonda na amenyoa ndevu. Nilimwangalia usoni nikisubiri lile tabasamu lake la upande mmoja, naye akainamisha macho akasoma kibao cha "Usiguse" kana kwamba kiliandikwa usiku ule.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama. Alinishika mkono, hakuuachia haraka. Alinitazama kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu nilivyovisugua, bila ubaya wowote. "Kumbe ndiye wewe."

Nikajua nimeshinda. Nakwambia ukweli, kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilikuwa mwanamke mwenye furaha kuliko wote waliowahi kuingia nyumba ile.

"Huyu ni mwanangu," mama akaendelea. "Huyu wifi yangu. Na huyu..."

Akageuka. Kutoka nje, alikokuwa anapiga picha ukuta, aliingia msichana mwenye viatu vya bluu, anahema kidogo, anaomba radhi kwa kuchelewa. Mama akamshika mkono wa kushoto, ule wenye pete, akauinua kidogo.

"Huyu ni mkamwana wangu. Bado wiki tatu tu."

"Hongereni," nikasema.

Uzuri wa kazi yangu ni kwamba mdomo unajua kwenda peke yake. Mimi nilikuwa nimekwishakufa pale mlangoni, mdomo ukawa unawakaribisha Nyumba ya Daktari, unawaambia ilijengwa na daktari wa kwanza wa mji kwa ajili ya mkewe, unawaomba wazime mwanga wa kamera.

"Habari za kazi, dada," Fundi akasema. Dada.

"Nzuri, kaka. Karibu."

Nikajikaza kisabuni, nikaanza kurudi nyuma. Hatua tisa hadi chumba cha kusubiria wagonjwa. Mtu anayetembea kinyumenyume hana pa kuficha uso. Kwa wale wanne nilikuwa kama picha ukutani, nao kwangu vilevile, mbele ya macho yangu kila sekunde: shangazi akijipepea, mama akinisoma, binti akimshika Fundi mkono, Fundi akitazama sakafu ambayo aliipiga msasa mwenyewe, ubao kwa ubao, huku mimi nikimshikia taa.

Nilitaka kumchukia yule binti ikanishinda. Alikuwa anauliza maswali mazuri. Aliuliza kwa nini benchi la wagonjwa limelika upande mmoja, nikamwambia ni upande wa karibu na mlango wa daktari, kila mtu alitaka kuwa wa kwanza. Akacheka. Akamgeukia mchumba wake.

"Ungeipenda kazi ya hapa. Hujawahi kufika kweli?"

"Sijawahi," akasema.

Niliendelea kurudi nyuma. Chumba cha dawa, chupa za buluu, mizani, kitanda cha ngozi. Nilieleza jinsi mke wa daktari alivyochemsha vifaa kwa mikono yake, jinsi alivyokuja pale akiwa na miaka ishirini.

"Alikuwa mzuri?" akauliza binti.

"Picha yake haipo. Zimebaki za daktari na za mama yake."

"Masikini." Akafikiri kidogo. "Na wewe, dada, umeolewa?"

Hakuwa na nia mbaya. Lakini mama aliacha kutazama chupa akanitazama mimi, na mimi nilikuwa katikati ya hesabu. Kutoka kitanda cha ngozi hadi chumba cha kulia ni hatua sita, ya saba ni kizingiti. Kizingiti kile Fundi alikiweka kipya, kirefu kwa vidole viwili kuliko cha zamani, na wiki ya kwanza nilianguka hapo mara tatu. Mara zote tatu alikuwa karibu. Ya tatu sikuanguka kwa bahati mbaya.

"Niliwahi," nikajibu, na hesabu ikanipotea.

"Kinyume, kizingiti."

Alisema haraka, kwa sauti ya zamani, na mkono wake ulikuwa kwenye kiwiko changu kabla kisigino hakijagusa ubao. Kunifikia aliwapita mama, shangazi na mchumba. Nilisikia harufu yake ile ya mbao na sabuni. Macho yetu yakakutana kwa mara ya kwanza siku ile, na mle ndani ya macho yake nilimwona mtu wangu, yupo, hajaenda popote.

"Kinyume ndiye nani?" akauliza shangazi.



"Umejuaje kuna kizingiti?" binti akauliza. "Yeye mwenyewe alikuwa amekiziba. Hata mimi sijakiona."

Fundi akaondoa mkono wake. Kiwiko changu kikabaki hewani kama kitu kilichosahauliwa.

"Jibu, baba," mama akasema taratibu. "Umeulizwa na mwenzio."

"Niliwahi kufanya kazi hapa," akasema. "Siku nyingi."

"Na mbona umeniambia hujawahi kufika?"

"Nilisahau. Nimefanya nyumba nyingi."

"Na dada huyu mnafahamiana?"

Sasa msomaji wangu, nikwambie nilichotaka. Sikutaka anioe pale pale. Sikutaka amvue yule binti pete. Nilitaka neno moja, ndiyo, basi. Aseme ndiyo, tunafahamiana, halafu lolote liwe. Ningeishi kwa ndiyo ile miaka kumi. Nilimtazama, naye alijua ninachoomba.

"Wafanyakazi walikuwa wengi," akasema. "Simkumbuki vizuri. Hilo jina kila mtu alikuwa anamwita."

Binti akashusha pumzi, akacheka, akampiga begani. "Ungesema tu. Mimi nakaa nazitolea macho chupa, kumbe nimekuja na fundi mwenyewe. Haya, tuonyeshe ulichotengeneza."

"Mlango," akasema mama. "Nasikia humu kuna mlango."

*

Mlango uko chumba cha kulia, kati ya kabati la vyombo na saa ya ukutani. Si mlango tena, ni umbo la mlango, matofali yaliyojaza uwazi. Aliyeugundua chini ya lipu ni Fundi, siku ya mvua, na mtu wa kwanza aliyemwita ni mimi. Kwa miezi minane nimewasimulia wageni habari yake nao hucheka. Nikaisimulia tena, kwa sababu mdomo ulikuwa bado unakwenda.

"Nyumba ya pili, ambayo sasa ni duka la vitambaa, ilikuwa ya mama yake daktari. Alijenga karibu na mwanawe, wakatoboa mlango hapa. Mama aliingia alipotaka. Aliingia wakila, aliingia wakilala. Mke wa daktari alivumilia miaka kumi na mmoja. Siku mama mkwe aliposafiri, akaita mwashi. Mama aliporudi akakuta ukuta."

Shangazi alicheka mpaka akashika kiti, nikamkumbusha kuwa viti havishikwi. "Mwanamke huyo namvulia kofia," akasema akijifuta machozi. "Wifi, umesikia? Ujiandae."

Mama hakucheka, ila alitabasamu kwa adabu. Binti alikuwa amesogea ukutani. Alipitisha kidole kati ya matofali.

"Mbona upande huu haukusawazishwa? Angalia, chokaa imetoka madonge madonge. Ni kama mwashi hakumaliza."

Miezi minane, mamia ya wageni, wanafunzi, walimu, hakuna aliyewahi kuuliza. Akaja kuuliza yeye.

Siku ile ya mvua Fundi alikuwa amekishika kidole changu na kukipitisha palepale. "Mwashi husawazisha upande aliosimama," aliniambia. "Upande wa pili chokaa hujitokeza yenyewe, hakuna wa kuipangusa. Huyu alisimama kule." Nikamuuliza, kule kwa mama? Akasema, kwa mama. Halafu tukatafuta kwenye makaratasi ya ofisini, tukakuta daftari za wagonjwa za miaka ya mwisho ya daktari. Anwani ya daktari ilikuwa ya nyumba ya pili, kwa mama yake. Tulikaa chini, tukashindwa kula chakula cha mchana. Yeye ndiye aliyesema, "Waambie wageni ni mke aliyeziba. Angalau humu ndani ashinde mtu." Tukacheka, tukaapa. Ilikuwa siri yetu, na kwa kweli ndicho kitu pekee kilichokuwa kimenibakia mkononi.

"Hujakosea," nikamwambia binti. "Mwashi alisimama upande wa pili. Hiyo niliyosimulia ni hadithi ya kufurahisha wageni. Aliyeziba ni mama."

Fundi akainua kichwa.

"Heh," akasema shangazi. "Sasa alijifungia nje mwenyewe?"

"Hakujifungia nje. Alikuwa amekwishapata alichokuwa anakuja kuchukua."

Binti alinielewa haraka. Aliutazama ukuta, akaitazama meza yenye viti kumi na viwili. "Na daktari mwenyewe?" akauliza polepole. "Wakati unajengwa, alikuwa upande gani?"

"Muulize fundi," nikasema. "Yeye ndiye aliyeufunua."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na nilipoyaona nikajua hakuwahi kuacha kunipenda, na kwamba haitanisaidia kitu.

"Upande wa mama yake," akasema.

"Na hakusema chochote?" akauliza binti.

"Hakusema."

Akageuka, akaenda kusimama chini ya ngazi akiwa ametupa mgongo. Binti alimfuata, lakini hakumshika mkono. Shangazi akajikokota nyuma yao akiuliza kama juu kuna pa kukaa.

Tukabaki mimi na mama. Alikuwa akigusa donge moja la chokaa kwa ncha ya kidole. Sikumzuia.

"Ulijua," nikamwambia. "Ndiyo maana uliniulizia."

"Nilijua. Niliikuta picha yako kwenye simu yake, umesimama mbele ya ukuta huu." Hakupandisha sauti. "Miezi minane ananiambia amekuacha kwa ajili yangu. Kila akikasirika, mimi ndiye niliyemnyima. Nikasema nimlete asimame hapa, mbele yako na mbele yangu, nione. Angekutaja, mwanangu, ningenyamaza. Pete ile ningeifuata mwenyewe kwa wazazi wa binti na aibu ningeibeba."

"Unasema hivyo sasa."

"Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Mimi nilikataa, mama gani hakatai? Hakuwahi kunikatalia na yeye. Hata mara moja. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, nimeishi naye miaka thelathini na mbili."

Laiti angenitukana. Laiti angesema mwanamke mwenye historia kama yako haingii nyumbani kwangu, ningepata mtu wa kumlaumu, ningelala usiku nikimlaani. Aliniondolea hata hicho.

"Na huyu binti, mama?"

Alitazama kule kwenye ngazi, kwenye vile viatu vya bluu. "Ana akili," akasema. "Labda ameshaona."

Hakuniomba radhi. Aliniwekea mkono begani kidogo, kama mtu anayepima kitambaa ambacho hatakinunua, akawafuata wenzake.

Kulikuwa bado na ghorofa ya juu. Wageni wana haki ya kuona chumba cha kulala, kioo, kitanda kimoja. Ngazi zina daraja kumi na nne, nazo kwa kawaida nazipanda kinyumenyume nikishika mbao kwa mkono wa kushoto, na hakuna mtembezaji mwingine anayeweza. Nilifika chini ya ngazi. Walinisubiri, uso wa Fundi ukiwa wa nne.

Nikawapa mgongo. Nikapanda nikitazama mbele kama mtu yeyote anayekwenda juu nyumbani kwake. Nilisikia miguu nyuma yangu, mbao zikilia, na sikutaka kujua ipi ni ya nani.

*

Walipokwenda, Dada wa Tiketi alinitazama mara moja akafunga dirisha lake, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuuliza kitu. Aliniletea glasi ya maji, akaniambia simu yangu imelia mara tano.

Ililia ya sita mkononi mwangu.

"Wamefika?" akauliza mama yangu. Nyuma yake nilisikia redio, na ufagio wa mtu.

"Wamefika, mama."

"Wote wanne?"

"Wote wanne."

"Nilijua. Moyo uliniambia." Alikuwa anahema kama mtu aliyetoka kukimbia. "Sasa sikiliza, usiwalete kwa njia ya nyuma, kuna matope. Vile viti nimevipangusa, kimoja kinayumba, hicho nitakaa mimi. Mko njiani?"

Nilitazama chumba cha kulia kupitia mlango ulio wazi. Viti kumi na viwili, kamba nyekundu kutoka kimoja hadi kingine, ili mtu asikae.

"Mama," nikasema.

"Naam, mwanangu. Sema."

"Rudisha viti vya watu."